Mlipe Fundi Soo Mbili Asikilize Tu

Tak. Tak. Tak. Kimya kidogo, halafu tak tena.

Hiyo ndiyo sauti niliyoishi nayo wiki tatu mwaka jana, usiku, nikihariri video kwa keja yangu hapa Langas. Ilikuwa inatoka ndani ya sipiyu, chini kule mbele. Na nilifanya kile ambacho wengi wenu mngefanya. Nilivaa hedifoni.

Siku ya ishirini na kitu kompyuta ikawaka, ikaniandikia kwa skrini nyeusi kwamba haioni diski yoyote. Kwa hiyo diski kulikuwa na miezi kumi na moja ya klipu. Nyingi nilishazisamehe, ukweli ni kwamba nusu yake ilikuwa takataka. Lakini kulikuwa na faili moja ya kama dakika arobaini. Kogo wangu, mama yake baba, ameketi nje ya jikoni yake huko Moiben, ananionyesha vile kibuyu cha mursik kinasuguliwa na mkaa wa senetwet, na katikati anaanza kucheka akikumbuka vile babu alikuwa anakunywa kabla haijaiva. Nilikuwa nimepanga kuikata iwe video tatu. Alituacha miezi miwili baada ya mimi kurekodi. Sikuwa na kopi.

Sasa skizeni, kwa sababu kilichofuata ndicho kinanifanya niandike hii.

Nilibeba sipiyu kwa mkono hadi tao. (Ninajua sipiyu ni ile chipu ndogo ya ndani na si boksi lote. Watu wa kompyuta mnisamehe, mtaani ni sipiyu.) Fundi wa kwanza, kijana wa rika langu, hakuningoja nimalize kueleza. "Hiyo ni Windows bro. Ni kufomati tu, thao moja." Nikamwambia inalia. Akasema zote hulia. Akaichomeka, akaanza kuingiza Windows mpya, na ile diski maskini ikajaribu, ikagonga, ikajaribu, ikagonga, karibu saa nzima, hadi ikanyamaza kabisa. Thao yangu ilikuwa imeshaenda, nililipa kabla.

Fundi wa pili ni mzee mmoja, ghorofani, kibanda hakina hata bango. Alitoa diski kwa boksi, akaichomeka peke yake, akaishika karibu na sikio kama mtu anapokea simu. Sekunde tatu. Akazima. "Kijana, kichwa cha ndani kimeenda. Ulianza kusikia lini?" Nikasema wiki tatu. Akanyamaza. Halafu akasema, "Ungeniletea hiyo wiki ya kwanza tungekopi." Nikamuuliza ni pesa ngapi. Akasema hapana, hajafanya kitu.

Fikirieni hiyo hesabu. Aliyenidanganya, tena akaimaliza diski, alilipwa elfu moja. Aliyeniambia ukweli alipata sufuri. Na bado tunajiuliza mbona mafundi wanatudanganya.

Maoni yangu ni hayo na nitayatetea: shida ya mafundi wetu wa kompyuta ni sisi. Hatulipi mtu asikilize. Tunalipa kipuri na tunalipa fomati. Ukienda kliniki unalipa pesa ya kumwona daktari kabla hajakuandikia hata Panadol, na hulalamiki. Ukienda kwa fundi, unasema "si uniangalilie tu", na hilo "tu" ndilo sumu. Yeye amelipa kodi ya kibanda, amelipa stima, na dakika ishirini za akili yake unazitaka bure. Kwa hivyo lazima akutafutie kitu cha kukuuzia. Feni nzima inakuwa imeharibika. RAM nzima inakuwa imekufa.

Lakini kabla hata ya fundi kuna wewe na masikio yako mawili. Kompyuta ya mezani ni mashine rahisi kusikiliza kuliko mnavyodhani, kwa sababu vitu vinavyozunguka ndani ni vichache sana. Kuna feni, mbili au tatu au nne. Kuna hadidiski kama ni ya zamani. Kuna ile droo ya DVD. Basi. Kila kitu kingine hakisongi, kwa hivyo kikilia kinalia kwa njia nyingine kabisa.

Anza na swali la lini. Inalia tu ukiwasha asubuhi, kisha inatulia baada ya dakika kumi? Hiyo kwetu Eldoret iko sana Juni na Julai, baridi ikiwa ya kukata masikio. Grisi ndani ya bea ya feni inakuwa nzito, feni inakwaruza kama mtu anakoroma, ikipata joto inateleza. Bado haijakufa ila imezeeka, inakupa notisi. Inalia tu ukifungua gemu, mluzi mwembamba kama mbu, unapanda na kushuka vile picha inabadilika? Hizo ni koili kwa kadi ya grafiki au pawa saplai, zinatetemeka kwa umeme unaopita ndani. Inaudhi lakini haiui. Punguza idadi ya fremu kwa mipangilio ya gemu na mara nyingi itapungua. Nimeona msee akibadilisha kadi nzima kwa sababu ya huo mluzi, na kadi mpya ikaja na mluzi wake.

Inalia ikiwaka tu, vruuum kisha tik tik, hata kabla Windows haijafika? Fungua droo ya DVD. Niko serious. Jirani yangu aliteseka mwaka mzima akidhani mashine yake inakufa, kumbe kulikuwa na DVD ya harusi ya binamu yake ndani, na kila akiwasha mashine ilikuwa inajaribu kuisoma.

Halafu swali la wapi. Makanika wa magari husikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwa chuma, mpini kwa sikio. Kwa kompyuta usiingize chuma ndani ikiwa inawaka, tafadhali. Kunja karatasi ngumu iwe bomba, weka upande mmoja kwa sikio na ule mwingine karibu na kila kitu kwa zamu. Utashangaa. Kelele ambayo ilikuwa "inatoka kwa kompyuta" inakuwa inatoka kwa feni ya nyuma, upande wa kushoto. Na wakati mwingine haitoki ndani kabisa. Ni kava ya pembeni ambayo skrubu zake zilipotea, inatetemeka, na meza ya mbao inafanya kazi ya spika. Kaza skrubu, weka kipande cha slipa ya mpira chini ya kila mguu, umemaliza. Hiyo tiba ni ya shilingi sufuri na kuna mtu aliuziwa feni kwa ajili yake.

Kama ni trrrrr isiyoisha na inaongeza kasi feni ikiongeza kasi, kuna kebo inagusa mapanga. Zima, chomoa kutoka ukutani, ifunge kando na kamba. Kama ni biip kadhaa na skrini haiwaki, hapo mashine inaongea lugha yake rasmi: mazabodi inahesabu milio kukuambia ni kitu gani hakipo sawa, na kwa mashine nyingi kuukuu ni RAM. Chomoa RAM, sugua ile sehemu ya rangi ya dhahabu na rubba ya kufuta penseli, polepole, pangusa, irudishe mpaka isikike klik pande zote mbili. Mafundi wote wanajua hii. Hawakuambii kwa sababu hautawalipa kukuambia.

Acha niongee kidogo juu ya vumbi, maana huku kwetu nusu ya kelele zote ni vumbi. Januari hadi Machi, upepo ukianza, unafuta meza saa nne na saa nane unaandika jina lako juu yake. Tulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024 lakini nadhani hakuna mtu aliyeliambia vumbi. Linaingia, linajaza yale mapezi ya chuma juu ya prosesa, hewa haipiti, joto linapanda, na mashine inaambia feni ikimbie zaidi. Hapo ndipo unasikia ile ndege ikiondoka. Watu wanadhani feni ni mbovu. Feni iko sawa, inapigania maisha ya prosesa.

Kuna kitu kingine cha hapa ambacho sijaona mtu akikisema. Tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na ni hewa hiyo inayobeba joto kutoka kwa chuma. Feni ikizunguka mara elfu moja hapa inaondoa joto kidogo kuliko feni ile ile ikizunguka mara elfu moja pwani, chumba kikiwa na joto sawa. Wakimbiaji wanakuja kutoka dunia nzima kufanya mazoezi kwa hii hewa. Feni yako pia iko mazoezini, tofauti ni kwamba hakuna medali. Kinachotuokoa ni baridi yetu. Lakini ukiiweka sipiyu ndani ya kabati ya meza, mgongo ukutani, umeinyima hata hiyo baridi.

Kusafisha: zima, chomoa, toa nje, tumia brashi laini ya rangi na blowa. Shika mapanga ya feni na kidole wakati wa kupuliza, yasizunguke kama wazimu, kwa sababu feni ikizungushwa kwa nguvu inaumiza bea zake na inaweza hata kurudisha umeme kwa mazabodi. Na wasee wanaobeba sipiyu kwenda petroli steshoni kupulizwa na hewa ya magurudumu, jamani. Ile hewa mara nyingi inakuja na maji. Nimeona matone.

Mafuta nayo. Feni ikiwa kavu, na ni aina ile yenye stika katikati inayobanduka, tone moja la mafuta ya cherehani linaweza kuipa miezi kadhaa. Tone moja. Si mafuta ya kupikia, yanaganda na kunata. Si Vaseline. Si WD-40 ile ya kopo la bluu, hiyo inaosha grisi iliyobaki kisha inakauka na kukuacha vibaya kuliko mwanzo. Na hiyo ni dawa ya kungojea pesa ya feni mpya.

Pawa saplai ikinguruma au ikitoa harufu ya kuungua, usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna kapasita zinazoweza kushika umeme wa kukuangusha baada ya kuchomoa. Badilisha nzima. Hapo sitaki ujasiri wa mtu.

Sasa turudi kwa tak tak tak.

Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka, kwa nyingi za mezani mara 7,200 kwa dakika. Nilipiga hesabu: ukingo wa sahani unakimbia karibu kilomita 130 kwa saa. Matatu ya kwenda Kitale imefungiwa 80. Juu ya sahani kuna kichwa cha kusomea, na hakigusi. Kinaelea juu ya hewa, nafasi ya nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene mara maelfu kuliko hiyo nafasi. Kichwa kikishindwa kusoma, kinarudishwa mwanzo, kinajaribu tena, kinarudishwa tena. Huko kurudishwa ndiko "tak". Kwa hivyo ukisikia mdundo unaorudia rudia kwa mpangilio, tambua kuwa hiyo ni diski inatafuta kitu na haikipati, na kila jaribio linaweza kukwaruza zaidi.

Si kitu kipya. Miaka ya 90 diski za Zip za Iomega zilipata jina baya Marekani kwa mlio huo huo, watu wakauita mgongo wa kifo, na kampuni ikashtakiwa mwaka 1998. Baadaye kidogo IBM ilitoa Deskstar 75GXP, ikafa kwa wingi mpaka wateja wakaibatiza Deathstar. Dunia nzima imejua hiyo sauti kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Mimi nilikaa darasani muhula mzima nikikariri vizazi vitano vya kompyuta kabla niache chuo, na hakuna siku hata moja mtu aliwasha diski mbovu akatuambia sikieni hii, mkiisikia kimbieni.

Kukimbia maana yake ni hivi. Usifomati. Usiingize Windows upya. Usiendeshe zile programu za "kurekebisha diski", zinailazimisha kusoma kila pembe. Usiiweke kwa friza, hiyo hadithi ya mtandaoni ya friza inakuletea unyevu ndani. Kama bado inawaka, kopi kwanza kile kisichorudi, picha, rekodi, kazi ya watu. Muvi unaweza kupata tena. Tumia flashi yoyote uliyo nayo, hata ya GB 64, Sisibo yenyewe. Halafu zima. Kama haiwaki, iache. Usijaribu "mara moja tu".

Na kama haina kelele bado, weka CrystalDiskInfo, ni ya bure, itakusomea afya ya diski. Ikiwa ya njano ina sababu. Ikiwa ya bluu usijisahau pia, kuna diski zinakufa zikiwa bluu. Na wenye SSD msinicheke, yenu haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo siku yake ikifika itakufa bila hata kukuaga.

Sasa, pesa. Kuna wale wameshaanza kuandika: "Nikilipa soo mbili za kusikiliza, si atachukua soo mbili na bado anidanganye?" Wengine watafanya hivyo, ndiyo. Lakini leo anakudanganya kwa elfu mbili, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kula. Ukimpa mia mbili mezani, ukamwambia "hizi ni za kuniambia shida ni nini, hata kama hakuna cha kuuza", umempa ruhusa ya kusema "hakuna shida, ni skrubu". Saa hii hana hiyo ruhusa. Akisema ni skrubu amelala njaa.

Na wewe njoo na kazi yako. Rekodi hiyo kelele na simu kabla utoke nyumbani, kwa sababu kompyuta ni kama mtoto, ikifika kwa daktari inanyamaza. Mwambie inalia lini, imeanza lini, ulibadilisha nini. Usianze na "bei gani". Fundi akianza na bei kabla hajauliza swali hata moja, beba boksi lako. Na akiguswa na neno fomati kabla hajaweka sikio, beba boksi kwa haraka zaidi.

Wenye saiba pia, naongea nanyi kwa upendo. Mnajua vile mwisho wa Juni unakuwa, foleni ya ritani za KRA hadi nje, mashine sita, na moja inakwaruza tangu Aprili. Mnaongeza muziki. Tarehe 30 ndiyo inachagua kufa, ikiwa na vyeti vya watu vilivyoskaniwa ndani. Zimeni redio dakika tano kila Jumatatu asubuhi, mtembee mkisikiliza mashine moja moja. Hamhitaji digrii, nawaambia mimi ambaye sina.

Wiki iliyopita nilimpelekea yule mzee sipiyu ya jirani yangu, yule wa DVD ya harusi. Sasa ilikuwa inanguruma kweli. Niliweka mia mbili mezani kwanza na kumweleza ni za nini. Aliziangalia, akacheka, akauliza kama ninamwona ni daktari. Nikasema ndiyo. Akazima redio. Akasikiliza, akageuza boksi, akasikiliza tena, akasema ni feni ya pawa saplai, bado ina muda kidogo, lakini jirani aanze kuweka pesa ya saplai nyingine. Hakuuza kitu. Alichukua mia mbili.

Diski yangu iko kwa droo, imefungwa ndani ya soksi. Kuna watu Nairobi wanaofungua diski kwa chumba kisicho na vumbi na kubadilisha kichwa, na bei waliyonitajia ni zaidi ya kompyuta yote. Nimeweka karibu nusu. Kila siku mtu ananiambia nijaribu kuiwasha tena, labda itashika. Siiwashi.